Mbwa Amemeza Gunzi la Hindi: Mwongozo wa Matibabu na Gharama kwa Mfugaji wa Dodoma

Mahindi ya kuchoma yanapoanza kuuzwa, magunzi huzagaa kila kona ya jiji, kuanzia stendi ya Nanenane hadi nje ya soko la Sabasaba na Majengo. Mbwa hulifuata gunzi kwa sababu limebaki na utamu wa hindi, chumvi na ndimu. Tatizo ni kwamba tumbo lake haliwezi kulisaga. Gunzi hupita kooni bila shida, linaweza kukaa kwenye mfuko wa chakula siku kadhaa mbwa akionekana mzima, kisha likashuka na kuziba utumbo mwembamba kama uzibo wa chupa. Kokwa la embe hufanya vivyo hivyo. Vijiti vya mishikaki hutoboa. Mfupa wa mbuzi hukwama kwenye umio. Soksi, kitambaa cha jikoni, mfuko uliofungiwa nyama, uzi wa fundi cherehani ukiwa na sindano yake: vyote hivi hutolewa matumboni mwa mbwa.

Swali linalokuja haraka ni "itanigharimu shilingi ngapi?" Jibu la kweli ni kwamba bei inategemea mambo mawili kuliko kitu chenyewe: kimefika wapi ndani ya mwili, na masaa mangapi yamepita. Gunzi lililo kwenye mfuko wa chakula leo asubuhi na gunzi hilohilo likiwa limeziba utumbo keshokutwa ni matibabu mawili tofauti kabisa, na bili mbili zisizofanana hata kidogo. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya jambo hilo.

Hatua ya 1: Dakika za mwanzo

Kwanza tofautisha kupaliwa na kumeza. Mbwa aliyepaliwa anahangaika kuvuta pumzi, anajikuna mdomo kwa miguu ya mbele, na ulimi na fizi hugeuka rangi ya bluu. Huyo hana muda wa kufika kliniki. Fungua mdomo na, ikiwa unakiona kitu na unakifikia, kitoe. Usisukume vidole gizani, utakizamisha zaidi. Ikishindikana, simama nyuma yake, kunja ngumi chini ya mbavu na usukume kwa nguvu kuelekea ndani na juu, mara tano hivi, kisha angalia mdomo tena.

Hapa kuna tahadhari ambayo naomba uisome mara mbili. Mbwa mwenye kichaa cha mbwa mara nyingi huonekana kama aliyekwamwa na mfupa: anadondosha mate, taya limelegea, hawezi kumeza, sauti imebadilika. Watu wamepata ugonjwa huu kwa kuingiza mkono mdomoni mwa mbwa wakitafuta mfupa ambao haukuwepo. Ikiwa mbwa hajachanjwa, au tabia yake imebadilika siku za karibuni, na hukumwona kwa macho yako akimeza kitu, usiingize mkono. Mfungie mahali salama na umwite daktari wa mifugo. Ukiwa tayari umegusana na mate yake penye mchubuko, au ameng'ata mtu, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukachanjwe. Kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili kwa binadamu hakina tiba.

Ikiwa anapumua vizuri na amekwisha kumeza, kazi yako kubwa ni kujizuia. Usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Chumvi nyingi inaweza kumuua. Usimpe mafuta ya kula wala maziwa "kulainisha njia". Yakiingia mapafuni yataleta nimonia. Usimpe ugali au mkate wa kusukuma. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au njia ya haja kubwa, usiuvute: upande wa pili umenasa, na ukivuta utakata utumbo kama msumeno. Parasetamoli, diklofenaki na ibuprofeni za kwenye kabati lako ni hatari kwa mbwa. Dawa za binadamu za kuzuia kutapika, hasa metoklopramaidi, huongeza msukumo wa tumbo na utumbo, na utumbo ulioziba ukisukumwa unaweza kupasuka.

Betri ndogo ya duara, ile ya saa au rimoti, haisubiri. Inaunguza umio ndani ya muda mfupi mno. Ondoka nyumbani sasa hivi, mwongozo utausomea njiani.

Hatua ya 2: Simu yenye taarifa kamili

Daktari anayepigiwa na mtu anayesema "mbwa wangu anaumwa" hawezi kukusaidia sana. Mweleze alichomeza na ukubwa wake (chukua kipande kilichobaki au kinachofanana nacho uende nacho), saa aliyomeza, mara ya mwisho alipokula, kama ametapika na ametapika nini, kama amepata choo, umri wake, chanjo zake, na uzito wake.

Uzito ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu dripu, dawa ya usingizi na antibiotiki vyote hupimwa kwa kilo. Kama una mizani ya kupimia watu, panda ukiwa umembeba mbwa, kisha panda peke yako, utoe tofauti. Mbwa mkubwa asiyebebeka mpeleke penye mizani ya magunia. Fanya hivyo angali mzima na uandike.

Muulize moja kwa moja: "Nije sasa tumtapishe?" Dirisha la kutapisha ni dogo, kwa kawaida masaa mawili hivi tangu kumeza, na hufanyika tu ikiwa kitu si chenye ncha, si betri wala kemikali, na mbwa ana fahamu zake zote. Daktari mwenye sindano ya apomofini humaliza kazi kwa dakika chache. Ukiliwahi dirisha hili, umeepuka upasuaji kwa gharama ya kumwona daktari, sindano moja na nauli ya bajaji.

Hatua ya 3: Nani wa kumpelekea

Kanda ya kati ni nchi ya ng'ombe na mbuzi. Wataalamu wengi wa mifugo utakaokutana nao, mjini hata Bahi, Chamwino, Kongwa au Mpwapwa, kazi yao ya kila siku ni mifugo ya kufugwa kwa nyama na maziwa, pamoja na kuku. Ni watu wenye ujuzi, na afisa mifugo wa kata yako ndiye mlango mzuri wa kuanzia. Lakini kufungua tumbo la mbwa ni kazi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 ndiyo inayosimamia taaluma hii, na Baraza la Veterinari Tanzania ndilo linalosajili madaktari na kuorodhesha wataalamu wasaidizi. Kumwomba mtu akuoneshe usajili wake si utovu wa adabu.

Maswali ninayoyaona ya lazima ni haya. Daktari, umewahi kupasua utumbo wa mbwa, si kuhasi tu? Nusu kaputi mnatoa ya aina gani, na nani anamwangalia mbwa wakati wewe unapasua? Picha ya eksirei inapigwa hapa au tunakwenda kwingine? Usiku baada ya operesheni mbwa analala wapi, na nani yuko naye? Anayejibu waziwazi, hata kama jibu ni "kazi hii siiwezi, mpeleke kwa fulani", ni daktari wa kushika. Ninamwamini zaidi huyo kuliko anayekupa bei nzuri kwa simu kabla hajamgusa mbwa.

Upasuaji usipowezekana hapa jijini, rufaa inayojulikana ni hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Kutoka Dodoma ni kilomita 260 hivi kwa barabara. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita moja litatumia lita 26 kwenda na 26 kurudi, na ukikodi utalipa na siku ya dereva. Piga simu kabla ya kuondoka, na mwombe daktari wa Dodoma amwekee mbwa dripu kwanza. Mbwa aliyekaukiwa maji akisafirishwa masaa manne bila kutengenezwa kwanza hufika akiwa hawezi kustahimili usingizi wa operesheni.

Hatua ya 4: Uchunguzi, na kwa nini fedha yake isibanwe

Wengi hutaka kuruka hapa ili fedha ibaki kwa ajili ya tiba. Ninaelewa, lakini sikubaliani. Mtoto wa mbwa asiyechanjwa anayetapika na kuharisha damu anaweza kuwa na parvo (ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo), na kumpasua mwenye parvo kwa kudhani amemeza kitu ni kumpotezea uhai na kukupotezea fedha. Minyoo mingi na sumu navyo huleta kutapika. Kipimo cha dakika chache huokoa operesheni nzima.

Daktari ataangalia fizi: zenye afya ni za waridi na unyevu, ukizibonyeza kwa kidole rangi hurudi ndani ya sekunde mbili. Atapima joto, la kawaida kwa mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Ataangalia chini ya ulimi, kwa sababu uzi hupenda kujizungusha hapo. Atalipapasa tumbo.

Kisha picha. Eksirei huonesha mfupa, jiwe, sarafu na sindano vizuri. Kitambaa, plastiki na gunzi havionekani kirahisi; daktari husoma hewa iliyojikusanya nyuma ya kizuizi. Ndiyo maana picha moja huweza kutotosha, na baada ya masaa kadhaa ikapigwa nyingine kuona kama kuna kilichosogea. Ultrasaundi husaidia sana kwa vitu laini. Kwa hiyo unapoulizia bei, uliza bei ya picha mbili kwa pande mbili, si ya picha moja.

Hatua ya 5: Ngazi za matibabu na kinachopandisha bili

Ngazi ya chini ni kusubiri chini ya usimamizi. Kitu kidogo, laini, kisicho na ncha, kwa mbwa anayekula na kucheza, mara nyingi hutoka chenyewe ndani ya siku moja hadi tatu. Kila kinyesi unakichambua kwa kijiti. Utalipia kumwona daktari na picha za kufuatilia. Akitapika mara mbili wakati wa kusubiri, kusubiri kumekwisha.

Juu yake ni kutapishwa, nilikokwisha kukueleza. Halafu kuna kuvuta kwa kamera inayopitishwa mdomoni. Mbwa analazwa usingizi lakini hakatwi, na anapona haraka. Vifaa vyake ni vichache nchini, kwa hiyo uliza kabla ya kuiweka kwenye mpango.

Kisha upasuaji, na hapa tofauti ni kubwa. Kufungua mfuko wa chakula ndiko kuzuri zaidi: ukuta wake ni mnene, damu ni nyingi, unapona vizuri. Kufungua utumbo ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu ukuta ni mwembamba na mshono unaweza kuvuja. Ikiwa sehemu ya utumbo imekufa na kuwa nyeusi, daktari lazima aikate na kuunga ncha mbili: muda wa usingizi huongezeka, nyuzi huongezeka, siku za kulazwa huongezeka. Uzi mrefu ni mbaya hasa, kwa sababu utumbo hujikunjakunja juu yake na kukatwa sehemu kadhaa kwa wakati mmoja. Na utumbo ukiwa umetoboka na uchafu umemwagika tumboni, unalipia kuosha tumbo, antibiotiki kali, wauguzi wa usiku kucha, huku nafasi ya kupona ikiwa imeshuka sana. Kutoka ngazi ya kutapishwa hadi hapa kunaweza kuchukua siku tatu tu za kusema "tumwangalie kwanza".

Dripu ni mahali ambapo watu hudhani wanaibiwa, kwa hiyo tuipigie hesabu. Mbwa wa kilo 20 anahitaji takriban mililita 50 kwa kila kilo kwa siku ili kuishi tu: hiyo ni mililita 1,000. Akiwa amepoteza maji kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake, ana deni la mililita 1,600. Jumla ni 2,600. Chupa za dripu zilizozoeleka ni za mililita 500, kwa hiyo siku ya kwanza peke yake anaweza kutumia chupa sita, na siku zinazofuata mbili au tatu kila siku, zaidi ikiwa bado anatapika. Tuseme umetajiwa shilingi 5,000 kwa chupa, namba ya mfano tu: siku ya kwanza ni 30,000 bila kanula (kimrija kinachoingizwa mshipani) na kazi ya kuiweka. Mbwa wa kilo 40 zidisha mara mbili.

Hatua ya 6: Makadirio kwa maandishi

Usikubali namba moja ya mdomo. Omba makadirio ya chini na ya juu, yaliyoandikwa, yakiwa na vipengele hivi: kumwona daktari, vipimo vya damu, picha, dripu kwa siku, nusu kaputi, operesheni yenyewe, dawa za maumivu na antibiotiki, kulazwa kwa siku, kola ya kuzuia kulamba kidonda, na marudio ya kutoa nyuzi. Kitu kisichoandikwa ndicho kitakachokuja kukushtua.

Sema uwezo wako mapema. Mwambie: "Daktari, ninacho kiasi hiki leo, na kiasi hiki nitakipata mwisho wa mwezi." Daktari anaweza kukubali malipo ya awamu kwa mtu aliyesema ukweli kabla ya operesheni, baada yake mazungumzo huwa magumu. Kubalianeni pia juu ya kikomo: akifungua tumbo akakuta utumbo umekufa sehemu kubwa, aendelee au akupigie? Simu yako iwe wazi na iwe na chaji muda wote wa operesheni. Dai risiti ya kila unacholipa, na ikiwa umeambiwa ununue dawa mwenyewe kwenye duka la dawa za mifugo, nunua kile kilichoandikwa, kwa kipimo kilichoandikwa.

Fedha ikikosekana kabisa, mweleze daktari akuambie njia gani iliyopo ina maana kwa mbwa huyu. Wakati mwingine kuna njia ya kati: kumpa dripu na picha ya pili leo, uamuzi kesho asubuhi. Wakati mwingine hakuna, na kumlaza usingizi wa mwisho bila maumivu ni haki yake. Kumwacha afe polepole uani kwa utumbo uliooza si chaguo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama asimwache ateseke, na hata isingekuwepo, mnyama aliyekulindia nyumba usiku anastahili hilo.

Baada ya operesheni

Siku ya tatu hadi ya tano ndizo za kuogopa, kwa sababu mshono wa utumbo ukivuja huvuja hapo. Mbwa aliyeanza kula vizuri kisha akakataa chakula, akatapika, akalegea au tumbo likajaa, rudi naye usiku huohuo. Hiyo bili ya kurudi iweke kwenye mpango tangu mwanzo.

Chakula huanza kidogokidogo kwa ruhusa ya daktari, mara nyingi ndani ya siku moja: wali laini na kuku aliyechemshwa bila mifupa, bila vitunguu, bila viungo. Mtenge na mbwa wengine. Dodoma ina vumbi na upepo. Kidonda kikilala ardhini kitachafuka, kwa hiyo mtandikie shuka safi mahali penye sakafu ya saruji na ulibadilishe kila siku. Kola haivuliwi hata akilia. Nyuzi za ngozi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14.

Kujiandaa kabla

Bima ya mbwa si kitu kilichozoeleka kwetu, kwa hiyo bima yako ni akiba. Fungua kibubu au akaunti ya akiba ya simu ya mbwa peke yake, uweke kidogo kila unaponunua dagaa na unga wake. Lengo la kwanza liwe gharama ya kumwona daktari, picha na dripu za siku ya kwanza. Ukiwa nazo hizo mkononi utaondoka nyumbani bila kusita, na kutosita huko ndiko kunakookoa fedha nyingi zaidi. Andika namba za madaktari wawili ukutani, mmoja wa mchana na mwingine anayepokea usiku, na hakikisha mlinzi na dada wa nyumbani wanajua zilipo.

Pipa la taka liwe na mfuniko unaofunga. Mkirudi na mishikaki, vijiti vihesabiwe na vitupwe juu. Mbwa aliyemeza mara moja ana tabia ya kumeza tena, kwa hiyo jirani na watoto waambiwe wasimrushie magunzi wala mifupa ya kuku.

Na kwa sababu tuko Dodoma, ongeza zabibu kwenye orodha. Haziwezi kukwama, lakini zabibu mbichi na zilizokaushwa zinaweza kuharibu figo za mbwa, na hakuna idadi inayojulikana kuwa salama. Mwenye shamba la zabibu Hombolo au mwenye mzabibu uani amfungie mbwa wakati wa mavuno. Ukimkuta amezila, usisubiri dalili. Figo zikianza kushindwa dirisha la kutapisha limeshafungwa. Piga simu papo hapo, taja kiasi alichokula na uzito wake, na uanze safari.